Kitabu Kimoja ni Shahidi Mmoja

Mwaka jana alinijia binti wa jirani yangu, mwanafunzi wa mwaka wa tatu wa sosholojia katika chuo kikuu kimojawapo hapa nchini. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani alinieleza shida yake. Alitakiwa kuandika tasnifu fupi juu ya sababu zinazowafanya wasichana wa Pwani waache shule, na mwalimu wake alikuwa amemrudishia pendekezo mara mbili kwa madai kwamba halina marejeo ya kutosha. "Babu," akaniambia, "nimeshinda maktaba wiki nzima. Vitabu ni vingi, lakini vyote vinasema neno moja."

Mzee aliyestaafu hufurahi akiulizwa jambo analolijua. Niliingia ndani, nikafungua sanduku la karatasi zangu, nikamtolea insha niliyoiandika mwaka 1978 nilipokuwa mwanafunzi wa chuo kikuu. Ilikuwa na kurasa thelathini na nane za taipu, na juu ya ukurasa wa kwanza palikuwa na maandishi mekundu ya mhadhiri wangu yenye sifa ambazo kwa miaka mingi nilikuwa nikizisoma kila nilipohitaji kujipa moyo. Kichwa chake kilikuwa "Athari za Mila katika Elimu ya Mtoto wa Kike Pwani". Nilimwambia aichukue kama mfano wa jinsi maktaba inavyotumiwa na mtu makini.

Alirudi baada ya siku tatu akanikabidhi kwa mikono miwili. Nikamwuliza ameionaje. Akasema imepangwa vizuri na marejeo yake ni mengi. Akanyamaza kidogo, kisha akaongeza kwa adabu, "Ila babu, sikuona mahali ulipozungumza na msichana."

Nakiri kwamba nilikasirika. Nilimjibu kwamba ile ilikuwa kazi ya maktaba, si kazi ya vijijini, na kwamba kila kazi ina kanuni zake. Jibu langu lilikuwa sahihi, lakini halikunipa usingizi. Siku ya tatu nilimpigia simu nikamwomba anichukue twende pamoja maktaba. Haya ninayoyaandika hapa ni matokeo ya safari hiyo na nyingine zilizofuata. Ni uhakiki wa vitabu vitatu, lakini kabla ya vitabu ni uhakiki wa namna ya kuvitafuta, na wa insha moja ambayo mwandishi wake bado yu hai na anastahili kusemwa.

Tuanze na namna ya kutafuta. Mimi ni katika kizazi kilichoingia chuo kikuu baada ya Azimio la Musoma la 1974, lililotaka watu wafanye kazi kwanza ndipo waende kusoma. Tulikuwa watu wazima. Wengine tulikuwa tumekwisha kufundisha, tumeoa na kuzaa. Kwa hiyo nilipoingia maktaba ile mara ya kwanza sikuwa mtoto. Hata hivyo nilisimama mbele ya makabati ya kadi kama mtoto mbele ya mwalimu mkuu. Droo zilikuwa mamia, na kila kadi ilikuwa na jina la mwandishi, jina la kitabu, namba ya kukifikia rafuni, na chini kabisa maneno mawili matatu yaliyoeleza kitabu kinahusu nini. Wakutubi huyaita maneno hayo vichwa vya mada.

Hapo ndipo penye mtego wa kwanza. Mtafiti mgeni hutafuta kwa mada, na mada hizo si yeye aliyezichagua. Zilichaguliwa na watu wengine mahali pengine kwa mahitaji yao. Vyuo vikuu vingi vya Afrika vilivyozungumza Kiingereza vilichukua mpangilio wa Maktaba ya Bunge la Marekani. Kwa mpangilio huo elimu ya jamii imewekwa chini ya herufi H. HM ni nadharia za sosholojia, HN ni hali za jamii, HQ ni familia, ndoa na wanawake. Lakini msomaji akitaka ndoa ya Mzaramo au ya Mnyakyusa, asishangae akiambiwa aondoke H aende GN, ambako kumewekwa anthropolojia, au GT penye mila na desturi, au DT penye historia ya Afrika. Hata PL panaweza kuwa na jibu lake, penye lugha zetu. Mtu wa Ulaya akioa, habari zake ni sosholojia. Sisi tukioa, aghalabu ni mila.

Si mimi wa kwanza kuliona jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1960 mkutubi mmoja Mmarekani, Sanford Berman, alifanya kazi katika maktaba ya Chuo Kikuu cha Zambia. Huko aliambiwa na Wazambia kwamba neno moja lililokuwa likitumika katika vichwa vya mada kuwataja baadhi ya watu wa kusini mwa Afrika, neno linalotokana na kafiri, ni tusi zito kwao. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kamusi kuelewa. Berman aliandika kitabu kilichotoka 1971, akionyesha mmoja mmoja vichwa vya mada vilivyodharau watu, na baadhi vikaja kubadilishwa. Funzo ninalolichukua kwake ni kwamba droo ya kadi nayo ina mwandishi, ingawa jina lake halikuandikwa popote.

Mwaka 1978 sikulijua hilo. Nilikwenda kwenye kadi nikiwa na swali moja: kwa nini wasichana wa Pwani wanaacha shule? Nilitazama chini ya wanawake, nikatazama chini ya elimu, nikapata kidogo. Nilipotazama chini ya unyago na jando nikapata kingi. Basi nikafanya kosa ambalo tangu hapo nimeliona kwa mamia ya wanachuo niliowafundisha. Nilidhani mahali penye vitabu vingi ndipo penye sababu. Kumbe wingi wa vitabu juu ya unyago ulinionyesha jambo moja tu, kwamba wageni walioandika juu yetu walivutiwa sana na unyago. Hakuna aliyevutiwa na umbali wa kutoka nyumbani hadi shuleni, wala na nani analala chumba gani karibu na shule. Hayo hayakuwa na droo.

Ninaogopa msomaji asinielewe vibaya, akadhani ninasema maktaba haifai na kila mtu akimbilie kijijini na dodoso lake. La hasha. Sosholojia imejengwa kwa sehemu kubwa na watu waliokaa maktaba. Karl Marx alipata kadi ya chumba cha kusomea cha British Museum mjini London mwaka 1850, na Kapitali, iliyotoka 1867, imejaa maneno ya wakaguzi wa viwanda wa serikali ya Uingereza. Ripoti zile zilikuwa wazi kwa kila mtu. Tofauti ni kwamba yeye alizisoma kama ushahidi, akasikiliza ndani yake watoto na akina mama waliohojiwa na wakaguzi. Naye Émile Durkheim, katika kitabu chake cha 1912 juu ya chimbuko la dini, aliandika kwa kirefu juu ya wenyeji wa Australia bila kufika Australia hata siku moja. Alitegemea vitabu vya wengine, hasa vya Spencer na Gillen. Kitabu chake ni kikubwa kwa fikra, na wanaokisoma wanajua pia udhaifu wake uko wapi: aliyasimika maelezo ya jamii nzima juu ya macho ya watu wengine. Kwa hiyo hoja si kukaa maktaba au kutoka. Hoja ni mtu anakaa humo kama nani. Je, ni mshitaki anayetafuta maneno ya kumtia mtu hatiani, au ni hakimu mwenye kuita mashahidi na kuwauliza kila mmoja alisimama wapi alipoona alichokiona?

Siku ile na binti yule tuliita mashahidi watatu.

Wa kwanza ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Makabati ya kadi hayapo tena, sasa ni kompyuta, na binti aliandika jina la Mtoro asipate kitu. Nikamwambia ajaribu jina la Mjerumani, Velten. Kikatokea mara moja: "Desturi za Wasuaheli", Göttingen, 1903. Carl Velten ndiye aliyekusanya na kuhariri, na jina lake ndilo lililo mbele ya kitabu. Mtoro, aliyeandika sehemu kubwa, alibaki ndani. Tafsiri ya Kiingereza ya J. W. T. Allen iliyotoka 1981 ndiyo iliyomrudishia jina lake katika anwani. Zaidi ya miaka sabini mwanafunzi wa Kiswahili aliyemtafuta Mtoro kwa jina lake hakumpata, japo yumo. Na katika maktaba ile kitabu hiki tulikikuta pamoja na kamusi na sarufi, kana kwamba mtu yule alikuwa akitufundisha ngeli.

Kwa maoni yangu, hiki ni mojawapo ya vitabu vya mwanzo vya sosholojia vilivyoandikwa kwa Kiswahili, ingawa hakuna aliyekiita hivyo. Mtoro anampeleka msomaji tangu kuzaliwa hadi kuzikwa: chuo cha Kurani, jando, ngoma, mahari na arusi, uganga, kilimo, safari za bara. Juu ya utumwa anaandika kwa utulivu unaoogofya. Anatofautisha mzalia na mjinga aliyeletwa jana, na anaeleza adabu anazotakiwa kila mmoja kwa bwana wake, kama mtu anayeeleza mpango wa kawaida wa nyumba. Hapo ndipo nguvu ya kitabu na hapo ndipo kasoro yake. Mwandishi ni mungwana anayeandika kutoka barazani. Akifika kwenye mambo ya mwali na kungwi wake, msomaji makini atauliza: aliyajuaje haya? Mwanamume hakuingia ndani. Ama alisimuliwa ama alikisia. Tena alikuwa akiandika kwa wasomaji wa Kijerumani waliotaka kujua desturi za watu wanaotawaliwa nao. Yeye mwenyewe aliyaonja matunda ya utawala huo. Alikwenda kufundisha Kiswahili Berlin, akaoa mwanamke wa Kijerumani, na aliporudi Afrika Mashariki na mkewe mwaka 1905 wakuu wa koloni walimzuia asishuke naye. Alifariki Berlin 1927. Mtu aliyeandika desturi za ndoa za kwao alikataliwa kurudi kwao kwa sababu ya ndoa.

Shahidi wa pili ni J. A. K. Leslie. Kitabu chake, "A Survey of Dar es Salaam", kilitoka 1963, lakini watu walihojiwa katika miaka ya 1950, na mwandishi alikuwa ofisa wa serikali ya kikoloni. Ni kitabu chenye macho makali. Ukitaka kujua nyumba ya Kiswahili ya zama zile ilivyokuwa, yenye ukumbi katikati na vyumba vya kupangisha pande mbili, nani mwenye nyumba na nani mpangaji, watu walivyopata riziki na walivyojuana, hutapata kitabu kinachokaribiana nacho. Nimekisoma nikacheka mahali pengi kwa kuwatambua wajomba zangu. Lakini serikali ndiyo iliyotaka utafiti ule, na serikali ina maswali yake: watu hawa wanatoka wapi, watatulia au hawatulii, tutawatawalaje? Mtu akihojiwa na ofisa hujibu kama anavyojibiwa ofisa. Kila jedwali la Leslie lina haki ya kusomwa, mradi msomaji akumbuke nani alishika kalamu mlangoni.

Shahidi wa tatu ni mwanamke, Marja-Liisa Swantz wa Finland. Alianza hapa nchini katika miaka ya 1950 kama mwalimu wa walimu, jambo ambalo kwangu mimi lina uzito wake. Baadaye alikaa na Wazaramo wa Bunju, na mwaka 1970 alichapisha kitabu juu ya ibada na alama katika jamii yao, akiweka mkazo kwa wanawake. Yeye aliingia ndani ambamo Mtoro na Leslie hawakuweza kuingia. Anamwonyesha mwali chini ya mti wa mkole, na anaeleza kwamba mambo yale si mafunzo ya chumbani tu kama tulivyozoea kudhani, bali ni lugha nzima ya alama inayomfungamanisha msichana na mama zake, ukoo wake na uzao. Na kwa kuwa alikaa muda mrefu, aliiona desturi ikibadilika. Neno la mabadiliko limo hata katika anwani ya kitabu chake. Udhaifu upo kwake pia. Yeye ni mgeni aliyeletwa nchini na kazi ya misheni, na mwenye kutafuta alama huziona alama hata mahali ambapo wenyeji waliona kuni tu. Lakini kati ya watatu hao ndiye pekee aliyewasikiliza wanawake muda wa kutosha.

Sasa niseme jambo linalonisuta. Kitabu hiki cha Swantz kimo katika orodha ya marejeo ya insha yangu ya 1978. Nilikitumia. Nimefungua kurasa nilizozitaja na nimeona nilichokifanya. Nilichukua maelezo ya mwali kuwekwa ndani, nikaacha maelezo ya desturi kubadilika kwa ajili ya shule na kazi. Nilichukua kilichonisaidia, nikaacha kilichonipinga, na nikaweka namba ya ukurasa kama mtu mwaminifu. Mhadhiri wangu hakuwa na sababu ya kunishuku. Marejeo yakiwa mengi, hufanana sana na ukweli.

Kama jambo hili lingeishia katika insha, ningecheka na kulisahau. Lakini miaka michache baadaye nilifanywa mkuu wa shule ya sekondari Pwani. Katika miaka sita niliyokuwa pale niliwaondoa shuleni wasichana kumi na mmoja kwa sababu ya ujauzito. Huo ndio uliokuwa utaratibu wa nchi, nao uliendelea kwa miaka mingi, hadi Novemba 2021 serikali ilipotangaza kwamba waliojifungua wanaweza kurudi shuleni. Sisemi ningeweza kuuvunja peke yangu. Lakini katika taarifa niliyoipeleka wilayani palikuwa na mahali pa kueleza sababu, na hapo hakuna aliyeniamuru la kuandika. Niliandika kwa mkono wangu, mara kumi na moja: mila na mazingira ya nyumbani. Sikuhitaji kufikiri. Nilikuwa nimekwisha kulitafiti jambo hilo katika maktaba ya chuo kikuu.

Mama wa mmoja wao alikuja ofisini. Alikuwa mwanamke mfupi, kajifunga kanga mbili, na hakulia. Aliniambia, "Mwalimu, umeandika mila. Huyu hajachezwa. Tulimwacha kwa ajili ya shule yako." Alitaka kuniambia kwamba binti yake hakupelekwa unyagoni hata kidogo. Wazazi walikuwa wameahirisha ili asikose masomo. Alikuwa amepangishiwa chumba karibu na shule kwa kuwa kwao ni mbali na sisi hatukuwa na bweni. Nani alikuwa akimwangalia katika chumba hicho, mimi sikuuliza. Nilimjibu mama yule kwa upole kwamba barua imekwisha kwenda. Usiku ule sikuifungua insha yangu kutazama kama yupo humo mtu kama binti yake. Angekuwapo wapi? Nilikwisha kumtafuta kwenye droo isiyo yake.

Baadaye nilihamishiwa chuo cha ualimu, na huko nikafundisha walimu kwa miaka zaidi ya kumi na mitano. Nilisimamia kazi zao za utafiti, na wengi waliandika juu ya somo lile lile. Tulikuwa na maktaba ndogo iliyopangwa kwa namba za Dewey, yenye vitabu vichache vya sosholojia kwenye 301, vingine vimekatwa kurasa. Wanachuo walinakili kutoka vitabu hivyo, waliofuata wakanakili kutoka kwa waliotangulia, nami nikawapa alama. Hivyo ndivyo kosa la mtu mmoja linavyopata uzee na heshima. Likinakiliwa mara tatu huitwa fasihi ya mada.

Leo mwanafunzi ana bahati ambayo sisi hatukuwa nayo. Binti yule alikaa mbele ya kompyuta na kwa nusu saa alipata makala ambazo mimi nisingezipata kwa mwaka mzima. Lakini niliona jambo lililonitia wasiwasi. Aliandika maneno "mila" na "wasichana kuacha shule", na mashine ikamletea makala mia na zaidi zenye maneno hayo. Mashine ni mtumishi mtiifu mno. Ukimwuliza juu ya mila atakuletea mila mpaka uchoke. Droo ya kadi walau ilikuwa na mwisho.

Ndipo nilipomwambia jambo ambalo ningependa kulirithisha kwa kila anayeingia maktaba kutafiti jamii, nalo lilitoka katika lugha yetu yenyewe, si katika kitabu. Nilimwambia alitazame neno "kuacha". Msichana aliyeacha shule na msichana aliyeachishwa shule ni watu wawili. Kiswahili kinatulazimisha kuchagua, na tukichagua kitenzi tumekwisha kuchagua mshitakiwa. Akiwa ameacha, tutafute ndani yake na nyumbani kwake. Akiwa ameachishwa, hatuna budi kuuliza ni nani aliyemwachisha, na hapo majina ya watu wazima yataanza kutajwa, langu likiwemo. Binti alinyamaza, akafuta kichwa cha pendekezo lake, akaandika upya. Utafutaji ukabadilika. Sasa alihitaji taratibu za shule, taarifa za wizara, hotuba za bunge, tasnifu za wanafunzi waliomtangulia ambazo zimelala ghorofani bila kusomwa, na ripoti za miaka ya nyuma zenye vumbi. Vyote vilikuwamo maktaba. Havikuwa vimefichwa, ila havikuwa vimeulizwa.

Katika safari zile tulijiwekea desturi chache, nazo nitazitaja bila kuzipamba. Kila kitabu tulianza na dibaji, kwa maana huko ndiko mwandishi anakomshukuru aliyemlipa. Tuliandika kando ya kila rejeo mwaka watu walipohojiwa, si mwaka kitabu kilipochapwa tu. Tuliuliza mwandishi aliingia mlango gani: wa barazani, wa ofisini au wa uani. Kila tulipopata kitabu kinachokubaliana nasi, hatukuondoka maktaba mpaka tupate kimoja kinachotupinga. Na kila siku tulisimama mbele ya rafu tukajiuliza ni nani ambaye angepaswa kuwa hapa na hayupo. Swali hilo la mwisho ndilo gumu, kwa sababu rafu haina mapengo. Vitabu hukaa bega kwa bega, ukadhani watu wote wamekwisha kusema.

Tasnifu yake ameimaliza. Nimeisoma. Ina kasoro za kijana, maneno makubwa mahali pa madogo, lakini sura ya nne ina wanawake saba wenye umri wa miaka hamsini na sitini wanaosimulia siku walipoitwa ofisini na mwalimu mkuu. Hawakutajwa majina, wala shule zao. Sijui kama yumo ninayemfahamu, na sikumwuliza. Mmoja anasema kwamba kilichomuuma si kufukuzwa, maana alijua ndiyo sheria. Kilichomuuma ni kwamba mwalimu hakumwuliza kitu.

Kabla hajaikabidhi kazi yake alikuja tena nyumbani, akakaa kibarazani, akazungukazunguka kama mtu mwenye ombi zito. Mwishowe akasema, "Babu, ningependa kuitumia ile insha yako. Si katika marejeo. Katika data." Alitaka kunukuu kurasa zangu kama ushahidi wa jinsi wakuu wa shule wa zama zile walivyofikiri. Nilikaa kimya kitambo. Nilikumbuka maandishi mekundu ya mhadhiri wangu. Kisha niliingia ndani, nikaitoa sandukuni, nikamwambia aichukue, na safari hii asiirudishe.